Kipimo cha Baruti ya Magnum

Mezani pa mjazaji risasi makini wa Marekani utakuta mkebe mmoja tu wa baruti. Mingine yote imo kabatini, hata ule atakaouhitaji baada ya nusu saa. Baruti za bastola hufanana mno, punje ndogondogo za kijivu au nyeusi, na jicho halitambui ipi huwaka upesi na ipi huwaka taratibu. Ukikosea moja kwa nyingine katika risasi ya magnum, yaani risasi yenye nguvu kupita ya kawaida, silinda inaweza kukupasukia mkononi.

Nguvu zenyewe si za mchezo. Risasi ya .357 Magnum ilipotoka mwaka 1935, ganda lake lilirefushwa kidogo kupita la .38 Special makusudi, ili isiingie katika bastola zisizoweza kuihimili. Shinikizo la juu linaloruhusiwa kwa .38 Special ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, kwa .357 ni 35,000. Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa Idaho, alishapasua bastola ya .45 kabla ya kugeukia .44 Special, ambayo majaribio yake ya miaka mingi yaliizaa .44 Magnum katikati ya miaka ya 1950.

Ninachokistahi zaidi katika ufundi huu ni jinsi fundi asivyouamini mkono wake mwenyewe. Baruti hupimwa kwa greni, na pauni moja ina greni 7,000. Kwa hiyo mizani hujaribiwa kwanza kwa jiwe la uzito unaojulikana. Kisha kuna hatari ya kujaza ganda moja mara mbili. Kipimo halali cha baruti iwakayo upesi hukaa chini kabisa ya ganda refu la magnum, hivyo hata kikirudiwa hakimwagiki wala hakijitangazi. Ndiyo maana maganda yote husimamishwa kwenye kibao chenye matundu, na fundi humulika tochi ndani ya kila moja kabla ya kuweka kichwa chochote cha risasi.

Wengi hudhani kupunguza baruti ni usalama siku zote. Sivyo. Baruti kama H110 huwaka vizuri ikiwa imelijaza ganda na kubanwa, na kampuni inayoiuza huonya isipunguzwe kwa zaidi ya asilimia 3 ya kipimo cha juu kilichochapishwa. Ikipungua mno, fataki iliyo kitakoni mwa ganda huweza kushindwa kuiwasha sawasawa, kichwa kikakwama mtutuni, na risasi inayofuata ikakigonga humo humo. Kwa sababu hiyo pia mdomo wa ganda hukunjwa kwa nguvu ndani ya mfuo wa kichwa: baruti hupata ukinzani wa kuwakia, na teke la bastola halikisogezi kichwa mbele hadi silinda ikagoma kuzunguka.

Baada ya kazi, baruti hurudi kwenye mkebe wake wa asili, ndani ya kabati la mbao. Sanduku la chuma lililofungwa kabisa lingegeuza moto kuwa mlipuko.

Na akishuku risasi moja tu katika fungu, fundi wa kweli hulifumua fungu zima, akang'oa vichwa kimoja kimoja na kupima upya. Kama utajifunza kazi hii, jifunze kwa mtu wa namna hiyo.