Maiti ya Tisini na Tano

Mwaka 1138 Mfalme Stephen wa Uingereza aliiteka ngome ya Shrewsbury, akaamuru walinzi wake wanyongwe. Hiyo ni historia. Katika riwaya ya Ellis Peters, One Corpse Too Many (1979), walionyongwa ni 94, na mtawa Cadfael, mjuzi wa mitishamba, ndiye anayewatayarisha kwa maziko. Anawahesabu. Maiti ni 95.

Hapo ndipo kikundi cha wasomaji huchangamka. Mmoja humsifu muuaji kwa kujua pa kuficha maiti: katikati ya maiti. Mwingine, msomaji wa polepole, huwarudisha wenzake kwenye shingo. Walionyongwa wana alama ya kamba nene. Huyu wa 95 ana mstari mwembamba. Ubishi ukipamba moto, ufundi wa riwaya za upelelezi za kihistoria hujitokeza wenyewe. Hakuna alama za vidole wala maabara. Mpelelezi ana macho, mikono, na ukaidi wa kutokubali mtu azikwe bila jina.

Agatha Christie alirudi nyuma zaidi. Death Comes as the End (1944) inasimulia Misri ya miaka ipatayo 2000 kabla ya Kristo, na chimbuko lake ni barua halisi za Heqanakht, mwenye mashamba aliyewaandikia watu wa nyumbani kwake kuhusu posho ya nafaka na kuhusu suria wake aliyekuwa akionewa. Ugomvi ulikuwapo tayari. Christie aliongeza mauaji tu.

Waswahili wana mpelelezi wao, Bwana Msa, na kiko chake. Lakini muumba wake, Muhammed Said Abdulla, alipoandika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa 1960, alikuwa akisimulia Zanzibar ya zama zake. Ni miaka iliyopita ndiyo iliyoifanya ya kale. Anayeandika riwaya ya upelelezi ya kihistoria ana kazi nyingine: kujinyima kila kitu ambacho wahusika wake hawakuweza kukijua, kisha bado amnase muuaji kwa haki.

Kazi hiyo inaweza kufanywa kwa Kiswahili, na malighafi haiko mbali. Nyaraka zilizohifadhiwa Kilimani, Zanzibar, zina mafaili ya mahakama na ya mirathi. Mwandishi anayetafuta ugomvi wa nyumbani kama ule wa Heqanakht aanze kwa kuomba faili moja la mirathi.