Jamaa, Mtaji na Neno "Mjasiriamali": Uhakiki wa Vipimo vya Nia ya Ujasiriamali kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu

Tafiti nyingi kuhusu nia ya ujasiriamali miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu zimeegemea Nadharia ya Tabia Iliyopangwa ya Ajzen (1991). Kwa mujibu wa nadharia hiyo, nia hujengwa na mihimili mitatu: mtazamo wa mtu kuhusu tendo, msukumo wa watu anaowathamini, na imani yake kwamba tendo hilo limo ndani ya uwezo wake. Ubora wake ni kwamba inaepuka dhana ya kuwa mjasiriamali huzaliwa hivyo. Hata hivyo, namna inavyotumiwa inaibua hoja mbili.

Hoja ya kwanza inahusu uhusiano wa mihimili. Krueger na wenzake (2000) hawakubaini athari ya msukumo wa jamii kwenye nia. Liñán na Chen (2009), waliotumia sampuli ya watu 519 kutoka Hispania na Taiwan, nao hawakuona athari ya moja kwa moja. Lakini walibaini kwamba msukumo huo hupitia kwenye mtazamo na imani ya uwezo. Hivyo, mtafiti anayeiweka mihimili yote sambamba katika rigresheni moja, kisha akahitimisha kuwa familia haina nafasi, anavuka mipaka ya data zake. Nchini Tanzania, mhitimu asiye na dhamana ya kuweka benki mara nyingi hutazamia mtaji kutoka kwa wazazi na ndugu. Kwake, anayeafiki ndiye pia anayewezesha.

Hoja ya pili ni ya lugha. Katika matumizi ya Tanzania, neno mjasiriamali humtaja mwenye kampuni, na vilevile mama lishe na machinga. Mwanafunzi mmoja akikubali kwamba ana nia ya kuwa mjasiriamali, huenda anakusudia kuanzisha kampuni. Mwingine huenda anaeleza namna ya kujikimu akisubiri ajira. Kuwapa alama sawa ni kujumlisha visivyolingana.

Udhaifu huu una gharama: chuo kitaongeza kozi za kuhamasisha ilhali kikwazo ni mtaji. Kwa msingi huo, hojaji zinapaswa kutaja aina ya biashara na muda wa kuianzisha, na kutenganisha kuafiki na kusaidia. Uchambuzi nao upime athari zisizo za moja kwa moja kabla ya kuiondoa familia katika maelezo.