Ubao Uliobunguliwa: Jinsi ya Kutambua Kiraka cha Kweli

Ukitaka kununua meza ya ubao mmoja mpana, uliopasuliwa kutoka gogo zima na kuachiwa ubavu wake wa asili, nenda karakanani kabla vanishi haijapakwa. Vanishi ikishakauka, kiraka kibovu na kizuri juu ya matundu ya wadudu hufanana. Tofauti utaiona baadaye, unga ukianza kudondoka sakafuni.

Soma tundu. Vitobo vya mviringo vya milimita 1 hadi 2, vinavyotoa unga laini kama wa ngano, ni vya mbawakawa wadogo wanaofuata wanga ulio katika sehemu nyeupe karibu na gome. Kiini chekundu cha mninga kwa kawaida hawakigusi; mwembe hauna kinga hiyo. Matundu mapana zaidi, ya milimita 3 hadi 6, mara nyingi ni ya ndugu wa dumuzi, yule anayemaliza mahindi ghalani. Mchwa hawaachi tundu nadhifu: hula kwa kufuata nyuzi, wakajaza udongo ndani na kubakiza ngozi nyembamba ya mbao juu.

Uliza mdudu aliuawaje. Hili ndilo swali kuu, maana kiraka juu ya buu hai ni kazi bure: akikomaa atatoboa njia mpya, hata kupitia vanishi. Jibu la kuaminika ni joto: nyuzi 56 za Selsiasi katikati ya ubao kwa dakika 30, kipimo kilekile kinachotakiwa kwa mbao za vifungashio zinazovuka mipaka. Dawa ya boroni nayo ni nzuri, ila hunywewa na mbao tupu tu, kwa hiyo lazima itangulie vanishi. Dawa iliyopuliziwa juujuu haimfikii buu. Ukisikia ubao ulipakwa oili chafu, achana nao: gundi haishiki penye mafuta.

Kagua ukataji. Fundi makini hajazi tundu kama alivyolikuta. Hufukua kwa patasi hadi afike kwenye mbao ngumu, akapuliza unga wote. Chukua msumari mwembamba, ukandamize pembeni mwa kiraka. Ukizama, uozo umeachwa. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole kutoka mbao nzima kuelekea kiraka. Mlio ukibadilika na kuwa mtupu, chini kuna pango.

Kagua ujazo. Kwenye mbao iliyolegea, epoksi nyepesi hutangulia ili inywewe na kuzikaza nyuzi. Nzito hufuata, na shimo refu hujazwa kwa tabaka. Mipovu iliyoganda ni dalili ya haraka. Unga wa mbao uliochanganywa na gundi nyeupe unafaa kwa vitobo vidogo tu. Kwenye shimo kubwa husinyaa na kuacha bonde. Kiraka cha mbao kitoke kwenye mti wa aina ileile, nyuzi zake zikienda sambamba na za ubao.

Sasa omba kitambaa chenye maji, upanguse eneo hilo. Kwa muda mfupi utaona rangi inayokaribia ile itakayotokea chini ya vanishi. Hapo gundi iliyosambaa nje ya tundu hujitokeza kama doa lililopauka, kwa sababu mbao iliyozibwa na gundi hainywi. Fundi mzuri huliondoa doa hilo kwa msasa kabla ya kupaka chochote. Laza tochi ubavuni mwa ubao: kila bonde na kila kinundu kitatupa kivuli. Pitisha ukucha mpakani, usikwame.

Angalia kilichoachwa. Si kila tundu linahitaji kuzibwa. Vitobo vichache vilivyokauka kwenye ubavu vinaweza kubaki wazi vikaupendeza ubao. Juu ya meza ya chakula vizibwe vyote, vinginevyo vitashika uchafu. Na skrubu za miguu zisifungwe mahali palipobunguliwa, hata kama pamejazwa vizuri.

Ubao uliopita majaribio haya usidai upunguziwe bei kwa sababu ya viraka vyake. Saa za fundi zimo humo, na zinastahili kulipwa. Ulioshindwa swali la mdudu usiuchukue hata kwa nusu bei, maana buu atahamia nyumbani kwako, na akikomaa atatoka kutafuta mbao nyingine.