Kiti Mwendo cha Umeme: Breki Inayofunga Umeme Unapokatika

Usalama wa kiti mwendo cha umeme umejengwa juu ya kanuni moja: hali ya msingi ya chombo hicho ni kusimama, na mwendo wowote ni ruhusa inayotolewa na umeme kwa muda ambao mkono wa mtumiaji unaiomba. Kanuni hiyo hufuatwa karibu katika kila sehemu ya kiti, isipokuwa kwenye wenzo mdogo ulio karibu na mota, ambao huondoa breki na kumkabidhi binadamu kazi yote ya kuzuia. Katika mazingira kama ya kata ya Visiga, Kibaha, mkoani Pwani, ambako Barabara Kuu ya Morogoro ina lami ilhali njia nyingi za kwenda majumbani ni za udongo na mchanga, wenzo huo ndio unaopaswa kufundishwa kabla ya kitufe chochote.

Chimbuko mojawapo la kiti cha namna hii ni kazi ya mhandisi George Klein wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, ambaye baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliongoza ubunifu wa kiti cha umeme kwa askari waliopooza mikono na miguu. Tatizo lililokuwapo lilikuwa kumwezesha mtu mwenye nguvu ndogo sana ya mkono kuongoza mota zenye nguvu kubwa, na suluhisho lake likawa kijiti kifupi cha kuendeshea, yaani jostiki, kinachohitaji kuguswa kidogo tu.

Katika viti vingi vya leo, jostiki haigeuzi magurudumu kama usukani wa gari unavyofanya, bali hupeleka ishara kwenye kidhibiti, yaani kisanduku cha kielektroniki kinachogawa umeme kwa mota mbili, kila moja ikiwa na gurudumu lake. Mota zote zikizunguka sawa kiti huenda moja kwa moja, na moja ikizidi nyingine kiti hukata kona, huku magurudumu madogo yasiyo na mota yakifuata mwelekeo uliokwisha kuamuliwa. Kadiri jostiki inavyosukumwa mbali na katikati ndivyo kasi inavyoongezeka, lakini kikomo cha kasi huwekwa kwa kitufe cha pembeni, ili mkono ukishtuka au ukitetemeka, kiti kisivuke mwendo uliochaguliwa mapema. Kwa kawaida kidhibiti hukataa pia kuanza safari iwapo jostiki haipo katikati wakati kiti kinawashwa, jambo linalomkinga mtumiaji ambaye nguo au begi lake limeegemea kijiti hicho.

Mtumiaji akiachia jostiki, springi huirudisha katikati, mota zenyewe hupunguza mwendo, kisha breki ya sumaku-umeme hufunga. Breki hii hufanya kazi kinyume na inavyodhaniwa mara nyingi, kwa kuwa umeme hauifungi bali huifungua: springi hukandamiza diski ya breki muda wote, na koili ikipata umeme huvuta nyuma bamba linalobana diski hiyo. Kwa hiyo waya ukikatika au betri ikiisha katikati ya mteremko, breki hufunga yenyewe. Kwa sababu hiyohiyo, kuzima swichi kiti kikiwa kasini ni hatua ya dharura tu, maana kusimama huko kwa ghafla kunaweza kumtupa mbele mtu asiyefunga mkanda. Kusimama kwa kawaida ni kwa kuachia jostiki.

Wenzo uliotajwa hapo juu huweka kiti katika hali ambayo madereva huiita frii, ili kiweze kusukumwa kwa mkono. Hali hiyo huhitajika hasa kiti kinaponasa mchangani, betri inapoisha njiani, au kinapohamishwa karibu na gari, na nyakati hizo anayeushika wenzo kwa kawaida ni msaidizi, si mtumiaji. Katika frii hakuna springi inayobana, hivyo uzito wa kiti, ambao pamoja na betri unaweza kuzidi kilo 100, na uzito wa aliyekalia, huzuiwa na mikono ya msaidizi peke yake. Kanuni inayofuata hapo ni kwamba wenzo usifunguliwe kwenye mteremko, na ukirudishwa kiti kisukumwe kidogo ili kuthibitisha kwamba kimegoma kabla msaidizi hajaondoa mikono yake.

Ulinzi mwingine una mipaka yake pia. Vigurudumu vya nyuma vya kuzuia kupinduka husaidia pale tu kiti kinapopanda kikiwa kimenyooka, ilhali njia iliyochimbwa na mvua za masika hukiinamisha ubavuni, upande ambao vigurudumu hivyo havilindi. Maji yakipenya kwenye jostiki yanaweza kuvuruga ishara zake, hivyo mvua ni sababu ya kutosha ya kuifunika au kuahirisha safari. Betri nazo, ambazo kwa kawaida ni mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata volti 24, huchajiwa usiku kucha, na kiti hakiendeshwi chaja ikiwa imechomekwa. Umeme wa gridi ukikatika usiku, taa za kipimo cha chaji ndizo zinazopaswa kuamua asubuhi umbali wa safari, wala si mazoea ya jana.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008, ingawa ulihusu viti vya kusukumwa kwa mikono, uliyaweka mafunzo ya mtumiaji miongoni mwa hatua nane za utoaji wa kiti, pamoja na ufuatiliaji na matengenezo. Kwa kiti cha umeme hatua hiyo ina uzito zaidi, na haikamiliki kwenye sakafu ya kliniki. Makabidhiano yanayomtendea haki mkazi wa Visiga ni yale yanayofanyika kwa Kiswahili, kwenye njia ya nyumbani kwake, mbele ya kila mtu wa kaya anayeweza kuitwa kusukuma, na ambayo hayamaliziki mpaka kila mmoja wao awe ameuweka wenzo katika frii, ameurudisha, na amehakikisha kwa mikono yake kwamba breki imefunga.