Vali Hufunguka au Hufunguliwa? Uhakiki wa Kiingereza cha Kiufundi katika Maelezo ya Injini ya Pikipiki

Maelezo ya Kiingereza kuhusu injini ya pikipiki husifiwa kwa uwazi wake, na kwa kiasi kikubwa sifa hiyo ni ya haki. Makala haya yanauliza swali finyu: je, sentensi iliyo wazi kwa Kiingereza huwa imesema yote ambayo mfasiri wa Kiswahili anahitaji kuyajua? Jibu letu ni hapana, na pengo hilo halizibwi kwa orodha ya istilahi.

Kigezo kinachojulikana zaidi cha uwazi huo ni kiwango cha ASD-STE100, ambacho chimbuko lake ni mwongozo uliotolewa Ulaya mwaka 1986 kwa ajili ya hati za matengenezo ya ndege. Sentensi ya maagizo isizidi maneno 20. Ya maelezo isizidi 25. Neno moja, maana moja. Hata kitenzi “follow” kimebanwa: maana yake ni kuja baada ya kitu, si kutii. Waandishi wa miongozo ya pikipiki hawalazimiki kukifuata kiwango hiki, lakini wengi huandika kwa mwelekeo huohuo, na nidhamu hiyo inastahili heshima.

Tuitazame basi sentensi “the valve opens”. Ni maneno matatu yasiyo na utata, lakini mfasiri wa Kiswahili hukwama papo hapo. Vali hufunguka au hufunguliwa? Na nini? Kiingereza kimemruhusu mwandishi asiseme. Mnyambuliko wa kitenzi chetu unamdai mfasiri aamue. Katika injini ya kawaida ya mipigo minne, vali hufunguliwa na kemu na kurudishwa na springi. Katika injini nyingi za mipigo miwili, mchanganyiko wa hewa na petroli hupitia vali ya ulimi, yaani kibamba chepesi kisichosukumwa na kemu yoyote. Hufunguka kwa tofauti ya mgandamizo tu. Katika mfumo wa desmodromiki, ambao Ducati iliutumia katika pikipiki ya mashindano mwaka 1956, kemu hufungua vali na kemu huifunga. Sentensi moja ya Kiingereza imetosha mitambo mitatu. Kwa Kiswahili ni sentensi tatu, na anayezichanganya hakosei sarufi tu, anapotosha ufundi. (Neno “mpigo” lenyewe linanitia shaka, kwani linalotajwa ni safari ya pistoni ndani ya silinda wala hakuna kinachopigwa, ila limekwisha kuzoeleka, nami sitaligombania.)

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi: agizo fupi huacha sababu nje. Mwongozo huagiza mwanya wa vali upimwe injini ikiwa imepoa. Fundi wa bodaboda mjini Gulu au Kigoma, ambaye mteja wake anasubiri huku abiria wakimpita, ataliona agizo hilo kuwa urasimu na atarekebisha tapeti injini ikiwa bado ya moto. Hakuelezwa kwamba metali tofauti hutanuka kwa viwango tofauti, na kwamba kipimo cha kitabuni ni cha injini baridi. Hakuelezwa kwamba mwanya ukibana mno vali ya moshi haikai sawasawa kwenye kiti chake, na kwa kuwa sehemu kubwa ya joto lake hutokea kwenye kiti hicho, vali huungua. Masharti yote ya sentensi yametimizwa, maarifa hayakufika.

Kevin Cameron, mwandishi wa ufundi wa jarida la Marekani la Cycle World, anaonyesha njia nyingine ndani ya Kiingereza hichohicho. Yeye huliandama joto: limetoka wapi, linapita wapi, likizuiwa linaharibu nini. Sentensi ndefu haimpotezi msomaji wake, kwa sababu mnyororo wa visababishi haukatiki.

Mijadala ya kisera hupenda kuhesabu istilahi, pengine kwa kuwa zinahesabika. Ningependekeza kipimo kingine. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ianze na mwongozo mmoja wa pikipiki ya sisi 125. Mfasiri akae na fundi mbele ya injini iliyofunguliwa. Kisha fundi wa pili, ambaye hakuwapo, arekebishe tapeti kwa kuisoma tafsiri hiyo peke yake, kabla haijapigwa chapa.