Kaboni ya 11

Msimu wa korosho ukikolea, Mtua na vijiji vingine vya Nachingwea na Ruangwa hunuka mabibo. Korosho huenda ghalani. Mabibo hukamuliwa, maji yake yakaachwa yalale, na kesho yake ni uraka. Aliyekamua hakutia hamira. Ilikuja yenyewe na ganda la bibo, na ndani yake mna vimeng'enya vinavyojua kazi. Kutoka sukari hadi kileo kuna hatua 12, kila hatua na kimeng'enya chake. Kile cha kabla ya mwisho hunyofoa hewa ukaa, na povu linalopanda juu ya ndoo ya uraka ni kazi ya mikono yake.

Kimeng'enya hichohicho cha povu ndicho kilichowafunza wakemia adabu. Mwaka 1921, Carl Neuberg na Julius Hirsch walitia benzaldehidi, kimiminika chenye harufu ya lozi, kwenye hamira iliyokuwa ikichachua sukari. Kimeng'enya kikaikamata, kikaiunga na kipande kilichotoka kwenye sukari, na kiungo kipya kikazaliwa. Sasa angalia ufundi wenyewe. Molekuli nyingi zina umbo la kulia na la kushoto, kama mikono: vitu vilevile, idadi ileile, lakini moja haikai mahali pa nyingine. Chungu cha mkemia, kikiachwa chenyewe, hutoa nusu kwa nusu. Hamira ilitoa mkono mmoja, tena ule uliofaa kutengenezea efedrini, dawa iliyofungua vifua vya wenye pumu kwa miaka mingi. Viwanda viliishika njia hiyo tangu miaka ya 1930.

Kuchagua upande ni nusu ya ufundi. Nusu ya pili ni kuchagua mahali kwenye molekuli, na hapo habari inapita kwenye mashamba ya mkonge.

Mkonge uliletwa Tanzania na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 iliyonusurika safari ndefu ya baharini, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Baadaye ukaenea hadi Lindi, Kikwetu ikiwa mojawapo ya mashamba yake. Historia ya manamba waliokata majani hayo imeandikwa, ingawa haijatosha. Historia ya maji yaliyomwagika nyuma ya korona, mashine ya kusaga majani ya mkonge, haisimuliwi. Jani likishasagwa, singa inayotoka ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni makapi na maji ya kijani yanayowasha ngozi, yanayonuka, na yanayoua samaki yakifika mtoni.

Mwaka 1949, Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walitangaza kwamba wagonjwa wa baridi yabisi waliokuwa hawajiwezi walisimama na kutembea baada ya kudungwa kortisoni. Dunia nzima ikaitaka. Lakini kortisoni ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30, na ilikuwa ghali kuliko dhahabu. Ugumu ulikuwa kwenye nukta moja. Molekuli yake, ya jamii ya steroidi, ina pete 4 za kaboni zilizoshikana, na ni lazima oksijeni ikae juu ya kaboni ya 11. Steroidi za mimea zilizopatikana kwa wingi zilikuwa na oksijeni kwingineko, au hazikuwa nayo kabisa upande huo.

Mwaka 1951, watafiti watatu wa London, Callow, Cornforth na Spensley, wakaeleza kwamba maji ya mkonge yana hekojenini, steroidi yenye oksijeni juu ya kaboni ya 12. Mlango wa pili kutoka unaotakiwa! Ndani ya jani hekojenini imefungwa na sukari. Tope la mkonge likiachwa lichache siku kadhaa, vimeng'enya huanza kuzikata sukari hizo, kisha asidi humalizia. Kampuni ya Glaxo ya Uingereza ikalijenga soko la steroidi juu ya taka hiyo ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, kuihamisha oksijeni kutoka 12 hadi 11, hatua ya jirani tu, kuliwagharimu wakemia mlolongo wa bromini, maji makali na uvumilivu.

Wakati huohuo, Durey Peterson na Herbert Murray wa kampuni ya Upjohn, Michigan, walikuwa na jibu lingine. Mwaka 1952 walieleza jinsi walivyomlisha kuvu wa jamii ya Rhizopus, ndugu wa ukungu unaoota kwenye mkate uliolala, steroidi iitwayo projesteroni. Kuvu akaweka oksijeni juu ya kaboni ya 11. Hatua moja. Hakugusa ya 10, wala ya 12. Bei ya kortisoni ikaporomoka. Mimi kila nikisoma habari hii huwa najiuliza kuvu alikuwa anaitakia nini kaboni ya 11.

Cornforth yule wa mkonge, aliyekuwa kiziwi tangu ujana wake, aliendelea kuchungulia jambo hilohilo. Alionyesha kwamba mahali penye atomu mbili za haidrojeni zinazofanana kabisa, kimeng'enya hakibahatishi: huchukua hii na kuiacha ile. Alipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1975.

Mafundi wa siku hizi hawangoji kuvu mwenye kipaji ajitokeze. Mfano ninaoupenda ni wa sitagliptini, dawa ya kisukari. Njia ya awali ilitumia haidrojeni kwa mgandamizo mkubwa na rodiamu, madini adimu yaliyopaswa kusafishwa yasibaki kwenye dawa. Watafiti wa kampuni za Codexis na Merck wakaanza na kimeng'enya cha bakteria wa udongo, Arthrobacter, ambacho hakikuigusa kabisa molekuli iliyotakiwa. Nafasi yake ya kazi ilikuwa finyu. Wakaipanua kwanza kwa kutumia kipande cha molekuli hiyo, kikaingia. Wakaipanua tena mpaka molekuli nzima ikapita, ingawa kazi ilikuwa hafifu mno. Baada ya hapo ni kubadili jeni, kuwapa bakteria wazalishe, kupima maelfu, kuchukua bora, kurudia. Kila mzunguko masharti yalikazwa: joto zaidi, kiyeyusho kikali zaidi. Mwaka 2010 walitangaza kimeng'enya chenye mabadiliko 27, kinachotoa mkono unaotakiwa kwa zaidi ya asilimia 99.95. Mavuno yalipanda, taka zikapungua kwa asilimia 19, rodiamu ikaondoka.

Wakulima wa korosho wa Kusini hawahitaji maelezo marefu juu ya mbinu hiyo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, hufanya hivyo kwa mikorosho: chagua mti bora, zalisha, chagua tena. Tofauti ni muda, kwani kizazi cha bakteria huhesabiwa kwa dakika. Frances Arnold wa Marekani, aliyeionyesha njia hii kwa vimeng'enya mwaka 1993, alipata Nobeli mwaka 2018.

Lakini kila ufundi huo huanzia kwenye kidudu cha mahali fulani, na mahali hapo pana wenyewe. Vijidudu vya ziwa Bogoria, Kenya, vilichukuliwa na watafiti wa nje, vimeng'enya vyake vikaingia kwenye sabuni na kwenye kuchakaza jinzi, na mwaka 2004 shirika la wanyamapori la nchi hiyo likalalamika hadharani kwamba halikuombwa ruhusa wala kupewa mgawo.

Tanzania bado ina mkonge, na kila jani hutoa taka nyingi kuliko singa. Hale, Tanga, taka hiyo imekwisha kutumika kuzalisha gesi na umeme. Ni hatua nzuri, lakini kuichoma molekuli ambayo asili imeshaijenga pete zote nne ni ubadhirifu. Anayesoma kemia au mikrobiolojia leo na kutafuta pa kuanzia, aende na chupa yake kwenye mfereji wa korona, achote lile tope, aone nani anaishi humo.