Ufundi wa Kufikisha

Kazi ya kupeleka vifurushi Dar es Salaam huanza pikipiki ikiwa bado imezimwa. Asubuhi, kwenye ofisi ndogo za vifurushi za Kariakoo, dereva huchuchumaa mbele ya rundo la mifuko na maboksi, akisoma mahali palipoandikwa kwa maka peni: Mbagala Rangi Tatu, Tabata Kimanga, Sinza Palestina, Kimara Temboni. Anaviweka chini, anavipanga, anavipangua, anavipanga tena. Mpita njia anaweza kudhani anachelewa. Kumbe hapo ndipo siku yake nzima inapoamuliwa.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na barabara zake kuu hutoka mjini na kutawanyika: Bagamoyo upande wa kaskazini, Morogoro magharibi, Nyerere inayopita uwanja wa ndege, Kilwa kusini. Aliye mgeni kazini huzifuata moja moja. Anakwenda Mbagala, anarudi mjini; anakwenda Kimara, anarudi mjini. Jioni mafuta yamekwisha na nusu ya mzigo bado anao. Mzoefu huzikata kwa ndani. Akimaliza Mbagala anaishika Barabara ya Mandela, anapita Tazara na Buguruni, anaacha cha Tabata, anatokea Ubungo. Kutoka hapo anaamua: apande Kimara kwanza, au aingie Sam Nujoma amalize Sinza na Mwenge kabla foleni ya jioni haijafunga? Uamuzi huo haupo kwenye ramani ya simu. Unategemea kama ni Ijumaa, kama mvua inanyesha, kama shule zinafunguliwa wiki hiyo.

Njia ikishapatikana, ndipo boksi la nyuma linapojazwa, kwa uangalifu wa nahodha anayepakia jahazi. Cha mwisho kushuka hutangulia kuingia. Kizito hukaa chini, maana uzito ukipanda juu pikipiki huyumba kwenye kona. Chupa za manukato huzungushiwa nguo za mteja mwingine, zikiwa ndani ya mifuko yake, ili zisigongane. Viatu havilaliwi na kitu. Keki haiingii humo hata kidogo. Ina safari yake peke yake, asubuhi, kwa mwendo wa polepole, na kila tuta hupandwa kwa adabu. Nyaraka na dawa hukaa kwenye begi la kifuani, ambako mvua huchelewa kufika.

Kisha huja sehemu ninayoiheshimu kuliko zote: kumpata mtu. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi nchi nzima, na leo mitaa mingi ina nguzo za majina na nyumba nyingi zina namba. Ni msaada mkubwa. Hata hivyo mteja akipigiwa simu hatoi namba hiyo, anasema, “Njoo mpaka kwa Mangi, ukivuka kuna geti jeusi.” Mageti meusi yako kumi, na kila mtaa una duka la Mangi. Hapo dereva mwenye ujuzi hapandishi sauti. Anauliza: “Dada, ukisimama nje ya geti, mkono wako wa kulia unaona nini?” Swali hilo humtoa mteja ndani ya mazoea yake. Anakumbuka kibanda cha chipsi, mashine ya kusaga, msikiti, mti wa mwarobaini. Simu ikizimwa, kuna fundi cherehani aliyekaa barazani tangu asubuhi, kuna vijana wa kijiweni. Huwa haanzi kuwauliza kabla ya kuwasalimu, na akimkuta mzee, shikamoo hutangulia swali. Mtaa unaosalimiwa hufunguka. Baada ya miaka michache, dereva wa namna hii huwa amelijua jiji kwa undani ambao hakuna ofisi iliyouandika: ni kichochoro kipi hutoboa, daraja gani la miti halibebi pikipiki wakati wa masika, nyumba gani ina mbwa asiyefungwa.

Mlangoni kunabaki jambo la mwisho na la hatari, nalo ni pesa. Wauzaji wengi wa mtandaoni huuza kwa utaratibu wa lipa ukipokea. Kwa hiyo dereva ni karani pia. Anasubiri muuzaji athibitishe kuwa malipo yameingia, kwa kuwa meseji ya kughushi hutengenezwa kwa dakika moja. Anasubiri gauni lijaribiwe. Likikataa mwilini, hana la kubishana: analikunja vizuri kama alivyolipokea, anaaga, na safari ya kurudi mara nyingi haina wa kuilipia.

Ugumu wa kazi hii haujifichi. Jua la mchana hupiga lami na kurudi usoni. Njia za mwendokasi, zilizoanza kazi mwaka 2016, haziruhusiwi kwa pikipiki, basi boda hubanwa kati ya daladala na malori. Bonde la Msimbazi likifurika pale Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa na mpango wote wa asubuhi huvunjika. Madereva wengi hawamiliki pikipiki. Wako kwenye mkataba, na hesabu ya mwenye chombo hailali hata siku wateja wote wakizima simu. Kifurushi kikipotea, mara nyingi hukatwa dereva. Na juu ya yote kuna ajali: wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili zimepokea vijana wengi mno walioanguka na pikipiki.

Pamoja na hayo, wanaodumu wana sababu. Pesa huja kila siku, na kazi hii haimuulizi mtu cheti alichokosa. Dereva anayeona kila siku nini kinanunuliwa, wapi na kwa bei gani, anasoma biashara bila ada, na wapo walioondoka barabarani na kufungua maduka yao. Zaidi ya hapo kuna heshima ya kuaminiwa. Mtu asiyemjua humkabidhi simu mpya, pete ya posa, pasipoti, dozi ya mama yake. Atembee nayo jiji zima, na ifike kama ilivyotoka.

Ufundi huu ukifanywa vizuri hauachi alama. Gauni limefika bila kunyanzi, dawa imefika kabla ya saa yake, na mpokeaji amefunga geti akaendelea na shughuli. Kwa sababu hiyo ni rahisi kuulipa kidogo. Kampuni zinapaswa kuwakatia vijana hawa bima ya ajali, kuwapa kofia ngumu zenye ubora na makoti ya mvua, na kuacha kuwabebesha hasara zisizo zao. Sisi wateja deni letu ni jepesi: tupokee simu, tutoke getini, tulipe bila kuzungushana. Dakika kumi tunazomsubirisha dereva nje anazilipa mama wa Kimara, ambaye dawa yake iko kwenye begi lile la kifuani na saa ya kuimeza imekaribia.